Ninunue skana gani? Fungua boksi kwanza

Mwezi huu watu watatu wameniuliza swali lile lile: mwandishi mwenzangu wa Songea, dada mmoja wa Dar aliyeachiwa masanduku na baba yake, na padri ambaye parokia yake ina kabati zima la mikanda ya zamani. Wote wanataka kujua wanunue skana gani ya kuskani negativu. Kujibu kwa meseji kumenichosha, kwa hiyo naandika yote hapa. Atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Jibu langu huwaudhi. Nawaambia, fungua boksi kwanza. Wanadhani nawazungusha au nataka chai. Hapana jamani. Anayeuliza skana gani ni nzuri kabla hajajua ana negativu za aina gani ni sawa na anayeuliza kiatu namba ngapi ni kizuri.

Maboksi yaliyonifundisha haya yako Mbinga mjini, nyuma ya duka lililokuwa studio tangu miaka ya sabini hadi simu zenye kamera zilipoiua. Mpiga picha mwenyewe alishafariki. Mjane wake, ambaye namwita Bibi ingawa hatuna undugu wa damu, alisikia kipindi changu redioni kuhusu wapiga picha wa zamani, akamtuma mjukuu wake anipigie. Nilipofika, baada ya shikamoo na chai, akaniambia kwamba chumba kimepata mpangaji, kwamba mpangaji anaingia mwisho wa Septemba kahawa ikishauzwa, na kwamba wajukuu wanashauri takataka zile zichomwe.

"Mimi siwezi kuchoma watu, mjukuu wangu," akasema.

Basi. Nilikuwa na miezi mitatu na nusu, na mfukoni milioni moja na laki mbili nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya kompyuta mpya.

Siku mbili za mwanzo sikugusa mtandao kutafuta skana. Nilihesabu. Vitu vilikuwa kwenye makopo ya biskuti, maboksi ya karatasi za picha na bahasha za kaki, na juu yake kulikuwa na madaftari manne. Kila mteja ana namba, tarehe, jina na kijiji: Litembo, Kigonsera, Maguu, Lituhi, Liuli, Mbamba Bay. (Vijiji vya ziwani vyote vimeandikwa wilaya ya Mbinga, maana wilaya ya Nyasa ilimegwa mwaka 2012, studio ikiwa imeshafungwa. Ukitafuta watu wa zamani wa Liuli kwenye kumbukumbu za Nyasa peke yake hutawaona.) Pembeni ya namba mzee ameandika kazi: pasi, kadi ya chama, harusi, kipaimara, ukumbusho.

Hesabu yangu ilikuja negativu 4,100 hivi. Kati ya hizo 3,200 ni za mkanda mpana, ule unaoitwa 120, picha ya mraba ya sentimita sita kwa sita. Zote ni nyeusi na nyeupe, na karibu zote zimekatwa moja moja. Zilizobaki 900 ni za milimita 35, za rangi, nyingi za miaka ya tisini, zikiwa bado kwenye vipande vya nne au sita.

Hesabu hiyo ndiyo iliyochagua skana. Mimi nilifuata tu.

Sasa tuje kwenye namba zinazoandikwa kwenye maboksi ya dukani, maana hapa ndipo watu wanapoliwa hela. Skana huuzwa kwa idadi ya nukta inazosoma kwa kila inchi, ile dpi. Epson V600, skana ya kulaza yenye taa ya pili kwenye mfuniko kwa ajili ya filamu, imeandikwa 6,400. Waliozipima kwa vibao vya mistari midogo wanasema uwezo wake wa kweli wa kutenganisha mstari na mstari ni 1,500 na ushei tu. Plustek OpticFilm 8200i imeandikwa 7,200, na kwa kweli inatoa zaidi kidogo ya 3,000. Si kwamba nukta hazipo. Nukta zinasomwa zote, faili linajaa kweli, lakini lenzi iliyo ndani haioni kwa ukali huo. Unajaza diski kwa ukungu.

Ukisikia 1,500 unaweza kudhani V600 ni takataka. Piga hesabu. Picha ya milimita 35 ina urefu wa milimita 36 na upana wa 24. Kwa nukta 1,500 kwa inchi unapata megapikseli tatu tu. Inatosha kusafisha picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15, lakini ukitaka kuikuza uitundike ukutani utaona aibu. Negativu ya mraba ya 120 ina milimita 56 kila upande. Skana ile ile, kwa nukta zile zile 1,500, inakupa karibu megapikseli 11, na hiyo unaichapa sentimita 28 kwa 28 bila wasiwasi. Kwa hiyo skana ambayo ni dhaifu kwa boksi la jirani yako inaweza kuwa nzuri kabisa kwa boksi lako. Plustek niliyoitaja inaishinda mbali kwa milimita 35, ila 120 haiingii kabisa. Kwangu ingehudumia picha 900 na kuziacha 3,200 zikisubiri kiberiti.

Wapo walionishauri nitafute Nikon Coolscan. Najua, najua. Wapiga picha wanaisifu kama wazee wanavyosifia Peugeot 504. Coolscan 9000 inameza mikanda yote miwili na inasoma kwa ukali wa ajabu. Lakini Nikon iliacha kuzitengeneza zaidi ya miaka kumi iliyopita, zilizobaki duniani zinauzwa bei ya pikipiki na zaidi, na zinataka waya wa FireWire ambao kompyuta za leo hazina hata tundu lake. Minolta nazo zilikuwa nzuri, lakini kampuni ilijitoa kwenye biashara ya kamera mwaka 2006. Ukiwa na fundi wako wa karibu, nunua. Fundi wa karibu nami kwa mashine kama hizo yuko Dar, na kutoka Mbinga hadi Dar ni safari ya mchana na usiku.

Kuhusu vile vimashine vidogo vinavyouzwa kwa bei ya chini, unatumbukiza mkanda na picha inatokea kwenye kioo palepale: ndani yake kuna kamera ndogo tu kama ya simu ya zamani. Ni vizuri kwa kujua nani yumo kwenye picha. Kwa kutunza, hapana. Na karibu vyote ni vya milimita 35.

Njia moja nilikaribia kuichagua, nayo ni kuacha skana kabisa na kutumia kamera. Unaweka kibao cha taa nyeupe chini, negativu juu yake, kamera kwenye stendi inatazama chini ikiwa na lenzi ya makro, chumba giza, unapiga. Sekunde kumi na tano kwa kila negativu ukishazoea, na ukali wake unaishinda V600 bila ubishi ukiwa na lenzi nzuri. Mradi wa Endangered Archives, ambao British Library inauendesha kutunza kumbukumbu zilizo hatarini sehemu mbalimbali duniani, ulitoa mwongozo wa kazi hizi mwaka 2018 na unaegemea upande wa kamera. Wamewahi kusaidia kuokoa negativu za studio ya Jacques Touselle wa Mbouda, Cameroon, kwa hiyo wanajua wanachosema. Mali nako, kuanzia mwaka 2011, wameskani zaidi ya negativu 100,000 za wapiga picha watano, Malick Sidibé akiwa mmoja wao. Kwetu, nikifikiria tu Capital Art Studio ya Zanzibar iliyofunguliwa mwaka 1930, nahisi kizunguzungu.

Kilichonirudisha kwenye skana ni lenzi. Kamera ninayo ya kazini. Lenzi ya makro sina, na ya kununua ingemaliza hela yote kabla sijanunua kibao cha taa chenye mwanga unaoaminika. Halafu kuna suala la nani atafanya kazi. Mimi niko Mbinga siku chache kila mwezi, siku nyingine mwendeshaji ni mjukuu wa Bibi, kijana wa kidato cha nne aliyemaliza mtihani na hana kazi. Skana ya kulaza nilimfundisha kwa saa moja. Unaweka, unafunika, unabonyeza, unasubiri. Kamera ina mambo ya kunyoosha, kulenga, mwanga wa dirishani kupenya, stendi kutikisika lori la kahawa likipita.

Nikampata mtu Kariakoo mwenye V600 iliyotumika kwa laki tisa. Nilikwenda na negativu mbili mfukoni, moja ya mraba na moja ya milimita 35, nikamwambia, kaka, skani hizi mbele yangu. Hili nalisisitiza kwa yeyote anayenunua skana ya mkononi. Usikubali askani karatasi akwambie inafanya kazi. Taa ya karatasi iko chini, taa ya filamu iko kwenye mfuniko, na ya mfuniko inaweza kuwa imekufa huku karatasi zinatoka safi. Kagua pia vishikio vya plastiki vya filamu, maana ndivyo vinavyopotea. Kama draiva inagoma kwenye kompyuta yako, kuna programu ya VueScan ambayo imefufua skana nyingi zilizotelekezwa na watengenezaji wake.

Laki tatu zilizobaki zikaenda kwenye ekstano mbili. Sikununua moja. Negativu moja ya mraba, nyeusi na nyeupe, ukiiskani kwa 2,400 na kuitunza kwenye TIFF ya biti 16 inakula zaidi ya megabaiti 50. Zidisha mara 3,200. Ekstano moja inakaa kwa Bibi, nyingine natembea nayo.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawasemi ni hili la kuondoa vumbi. Skana nyingi zina Digital ICE, teknolojia inayopitisha mwanga wa infraredi. Rangi za filamu ya rangi zinauruhusu upite, vumbi na mikwaruzo vinauzuia, basi mashine inajua doa liko wapi na kuliziba. Uzuri mtupu. Lakini picha nyeusi na nyeupe imejengwa kwa chembe za madini ya fedha, na madini yanazuia mwanga huo kama vumbi linavyouzuia. Mashine inaona uso wa mtu inadhani ni uchafu. Inamla. Kwa hiyo kwenye 3,200 zangu ICE ilizimwa, na tukarudi kwenye brashi laini na kipulizio cha mpira. Kama boksi lako ni la nyeusi na nyeupe, usiongeze hata shilingi kwa sababu ya ICE.

Negativu zilizokatwa moja moja nazo zina kesi yake. Kishikio cha V600 kinataka mkanda mrefu kiubane pande zote, kipande kimoja kinajikunja na kudumbukia. Tuliziweka moja kwa moja juu ya kioo, tatu kwa mpigo, ndani ya dirisha tulilolikata kwenye karatasi gumu jeusi. Upande unaong'aa ukigusa kioo unatoa miviringo kama mafuta juu ya maji, kwa hiyo upande usiong'aa ndio uelekee chini. Picha inatoka imegeuka kama kwenye kioo cha kujitazamia, unaigeuza kwenye kompyuta. Tulijuaje ilivyo sahihi? Nyuma ya wateja kuna pazia ambalo mzee alilichora milima na ziwa, na pembeni ameandika jina la studio.

Kopo moja nilipolifungua lilinipiga harufu ya siki. Kama na wewe umeipata harufu hiyo, ujue filamu yenyewe imeanza kuoza. Plastiki ya asetati inatoa tindikali, tindikali inaharakisha kuoza, na mvuke wake unaambukiza zilizo jirani. Haiponi. Inapunguzwa kasi kwa ubaridi na ukavu, basi. Kopo hilo lilihamishwa chumba kingine siku ile ile na likaskaniwa la kwanza, kabla hata ya za zamani zaidi. Mbinga ina bahati ya baridi, mji uko juu zaidi ya mita 1,000, lakini ina ukungu na mvua, na kuvu wamechora matawi yao kwenye pembe za picha nyingi. Ziwani chini, ambako ni chini ya mita 500 kidogo, joto na unyevu vinamaliza kazi haraka zaidi. Ukishusha negativu baridi kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, usifungue kopo ukifika. Liache saa kadhaa lizoee joto, vinginevyo unyevu unatua juu ya filamu kama kwenye soda ya baridi.

Umeme nao uingize kwenye hesabu. Tangu njia kuu kutoka Makambako ilipofika Songea mwaka 2018 hali si ile ya majenereta ya zamani, lakini unakatika, na skana ikikatwa katikati hupati nusu ya picha, hupati kitu. Tukajipangia asubuhi. Kijana alikuwa anamaliza 100 hadi 120 kwa siku, kusafisha vumbi kukiwemo.

Kazi ilikuwa imefika wiki ya tatu alipokuja mama mmoja kutoka Liuli. Alikuwa amesikia kwa watu wa basi. Hakuketi vizuri kabla ya kusema shida yake: kaka yake aliingia jeshini mwishoni mwa mwaka 1978, vita na Idi Amin vilipoanza, akapiga picha Mbinga kabla ya kuondoka. Hakurudi. Picha iliyokuwa nyumbani kwao ilikwenda na nyumba ilipoungua. Yeye alikuwa na miaka tisa.

Daftari la pili lilitupa jina na namba baada ya nusu saa. Ndani ya bahasha kulikuwa na negativu mbili zenye namba ile ile, vijana wawili tofauti. Wote wamesimama mbele ya pazia, wote wamevaa koti lile lile la studio na saa ile ile. (Saa hiyo nimeshaihesabu mikononi mwa watu zaidi ya sitini.) Inaonekana walikuja pamoja na mzee akawaandika kwa jina la mmoja. Nilizipiga kwa simu juu ya dirisha nikamwonyesha. Akatazama muda mrefu. "Huyu," akasema, halafu, "au huyu. Mwanangu, sijui. Nilikuwa mdogo."

Kisha akakumbuka kidole. Kaka yake alikosa ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, panga la shamba, kabla yeye hajazaliwa. Wote nyumbani walikuwa wanamtania.

Kwenye picha ya simu mkono ni doa. Tukaziweka zote mbili kwenye skana, kwa 3,200 safari hii, kijana akabonyeza, na dakika zile tatu tukakaa kimya sote, Bibi akiwa mlangoni na sinia la viazi. Tukavuta picha karibu. Wa kwanza ameshika mkanda wa suruali, vidole vitano vinahesabika, kucha zinaonekana. Wa pili mkono wa kushoto uko juu ya paja. Kidole cha shahada kinaishia kwenye kiungo cha juu, bila kucha.

Mama hakulia. Aliomba tumwonyeshe tena uso, halafu akauliza yule mwingine ni nani.

Hatumjui. Hayumo kwenye daftari. Mama wa Liuli amesema atauliza wazee wa rika hilo, maana kama walikwenda kupiga picha pamoja basi pengine walikuwa kijiji kimoja. Nimempa nakala za wote wawili, zilizosafishwa Songea, sentimita 20 kwa 20. Alilipia ya kaka yake kwa nguvu, nilikataa akakasirika, nikapokea. Ya pili alisema ni ya watu, haiwezi kuuzwa.

Swali hilo ndilo linalonifanya nisiweke picha hizi hadharani, na wanaoniandikia kuziomba wanisamehe. Bibi anasema za kwake ni maboksi, waliomo si wa kwake. Tumekubaliana kwamba anayekuja na jina anatafutiwa, anapewa. Mwezi ujao nashuka na kompyuta kuanzia Lituhi, Liuli hadi Mbamba Bay, sasa barabara ya Mbinga kwenda Mbamba Bay ni lami haina kisingizio, nikae na wazee tupitie nyuso zisizo na majina.

Zile 900 za rangi bado sijazigusa. Kwa hizo V600 itanipa megapikseli zangu tatu na ICE itafanya kazi yake. Padri amesema akinunua Plustek kwa ajili ya kabati la parokia ataniazima wiki mbili. Nimemwambia anunue haraka, mpangaji wa Bibi ameshaleta fundi kupima mlango.